Dereva, hayo mafuta ya akiba umeyabeba wapi?

UKISIMAMA kando ya barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi, pale Mariakani au Mlolongo, malori yanapongoja zamu ya kupimwa kwenye mizani, tazama kwa makini nyuma ya chumba cha dereva. Aghalabu utaona mtungi wa manjano wa lita 20 uliofungwa kwa kamba ya katani. Pengine miwili au mitatu. Mmoja una maji ya kunawa na kupikia chai. Mwingine una dizeli. Kwa macho huwezi kujua upi ni upi, na mara nyingine hata taniboi mwenyewe hana budi kufungua kifuniko na kunusa.

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia malaria, shinikizo la damu na lishe ya watoto. Wiki hii tunazungumzia mafuta ya akiba, maana nayo ni suala la afya. Mtu aliyeunguzwa na petroli hulala wadini kwa wiki nyingi, hukatwa ngozi ya paja ili ipandikizwe usoni au mikononi, na huenda asishike usukani tena maishani. Na yule aliyeyanyonya kwa mpira yakamwingia mapafuni anaweza kufa bila hata cheche moja kuonekana.

Huenda wewe, msomaji, si dereva wa lori. Lakini kama una lori moja la kubebea mahindi au mchanga, kama mumeo au kakako huenda safari za Lokichoggio na Moyale, au kama kila Desemba hupakia petroli ya jenereta kwenye pikapu kwenda nayo mashambani, basi haya yanakuhusu.

Je, unayahitaji kweli?

Kabla ya kununua mtungi, chukua kalamu. Lori lenye shehena nzito huenda kilomita 2 hivi kwa kila lita ya dizeli, na huenda pungufu ya hapo likipanda mlima au likipita mchanga. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni takriban kilomita 500. Hizo ni lita 250. Ongeza robo kwa ajili ya foleni, kupotea njia au kukwama, utapata kama lita 310. Tangi la lita 400 likijazwa Isiolo linatosha kwa safari hiyo bila tone la ziada kwenye mtungi.

Mambo hayakuwa hivyo zamani. Katika miaka ya 1990 njia hiyo ilikuwa changarawe na mawe matupu, malori yakienda kwa misafara yenye askari kwa kuhofia majangili, na gari lililoishiwa mafuta kati ya Laisamis na Marsabit lilikuwa na shida kubwa. Leo ni lami mpaka mpakani na mafuta huuzwa Isiolo, Marsabit na Moyale. Hata hivyo mazoea yamebaki. Kuna madereva wanaobeba mitungi kwa sababu tu aliyewafunza kazi aliibeba.

Kuna na sababu nyingine isiyosemwa hadharani. Mafuta yaliyo kwenye mtungi mara nyingi si akiba kamwe. Ni yale yaliyopunguzwa tangini ili yauzwe njiani kwa bei ya chini. Mwenye lori anayelalamika kwamba gari lake lanywa mafuta kupita kiasi angefanya vyema kuchungulia nyuma ya chumba cha dereva kabla ya kumlaumu fundi.

Hata hivyo wapo wanaoyahitaji kweli: wanaovuka kuingia Sudan Kusini, wanaoacha lami huko Turkana kupeleka chakula, wanaokwenda Mandera wakati wa mvua ambapo safari ya siku mbili yaweza kuwa ya wiki. Kwa hao, njia iliyo bora ni tangi la pili lililofungwa na fundi anayejua kazi yake kwenye fremu ya lori, lenye kifuniko cha kufuli na tundu la kupumulia, na linalopeleka mafuta kwenye injini kwa paipu. Hapo hakuna kumimina, hakuna kunyonya, hakuna kubeba begani. Ni ghali kuliko mitungi, lakini hununuliwa mara moja tu.

Kinachowaka ni mvuke

Watu husema "mafuta ni mafuta". Sivyo. Petroli na dizeli hazifanani hata kidogo katika hatari yake, na ni muhimu ujue unabeba ipi.

Mafuta yenyewe yakiwa maji maji hayawaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri. Kwa hivyo hakuna mahali katika Kenya nzima, hata kule kwenye theluji ya Mlima Kenya, ambapo petroli iliyo wazi ni salama karibu na kiberiti. Dizeli huhitaji kupata joto la nyuzi 55 hivi au zaidi ndipo itoe mvuke wa kuwaka. Ndiyo sababu dizeli iliyomwagika sakafuni penye ubaridi huchelewa kushika moto.

Lakini usije ukaidharau dizeli kwa sababu hiyo. Ikirashiwa juu ya chuma chenye joto la nyuzi 250 hivi, huwaka yenyewe bila cheche. Lori linapopanda Timboroa na shehena kamili, paipu ya moshi karibu na injini yaweza kuwa na joto mara mbili ya hilo. Mtungi unaovuja juu ya paipu kama hiyo hauhitaji sigara ya mtu.

Isitoshe, si kila kinachouzwa kwa jina la dizeli ni dizeli. Uchanganyaji wa dizeli na mafuta ya taa ulikuwa umeenea hata serikali ikaweka ushuru maalumu kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuukomesha. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kuwaka katika joto la chini kuliko dizeli, nyuzi 38 hivi, na mchana wa Lodwar hufikia huko. Ukinunua mafuta kwenye chupa kando ya njia hujui umebeba nini.

Sasa sikiliza habari za mvuke wa petroli. Ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4. Haupai juu kama moshi. Hutambaa chini kama maji, ukaingia mtaroni, chini ya lori, chini ya kiti, ukafika mahali taniboi amewasha jiko la chai hatua kadhaa kutoka kwenye mtungi. Huwaka pale unapokuwa kati ya sehemu 1 na nusu na 7 na nusu katika kila sehemu 100 za hewa. Ukizidi hapo hauwaki kwa kukosa hewa. Ukipungua hauwaki kwa kukosa mafuta.

Jambo hilo lina maana ambayo wengi hawaitambui: mtungi mtupu unaweza kuwa hatari kuliko uliojaa. Uliojaa hauna nafasi ya hewa. Ule uliobaki na vijiko viwili vya petroli umejaa mchanganyiko unaongoja cheche. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaotengeneza majiko na masanduku kwa mabati ya mapipa wanafahamu habari hii. Pipa lililokuwa na petroli likikatwa kwa moto wa gesi au kuchomelewa, hulipuka na kurusha kifuniko chake kama bomu. Kulisuuza kwa maji ya bomba hakutoshi, maana mafuta hujificha kwenye mikunjo ya chuma na kutoa mvuke upya linapopata joto. Ukinunua pipa kuukuu, uliza lilikuwa na nini.

Mtungi gani?

Neno jerikeni lina historia. Mtungi wa chuma wa lita 20 wenye vishikio vitatu ulibuniwa kwa jeshi la Ujerumani mwaka 1937. Waingereza, ambao walikuwa wakiwaita Wajerumani "Jerry", wakati huo walibeba petroli kwenye makopo ya bati jepesi ya galoni 4, ujazo ule ule wa debe letu la kupimia mahindi. Makopo hayo yalivuja vibaya sana jangwani. Walipoiteka mitungi ya adui huko Afrika Kaskazini waliona tofauti, wakaiiga, na jina likabaki.

Mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia hauna ukoo na huo, ijapokuwa twauita kwa jina hilo hilo. Ulitengenezwa kubeba mafuta ya kupikia kutoka kiwandani hadi dukani, basi. Plastiki yake haikukusudiwa petroli. Petroli hupenya taratibu katika plastiki ya namna hiyo na kuilainisha, jua huikausha na kuipasua, na kifuniko chake hulegea kwa mtikisiko wa barabara. Kama ni lazima ubebe mafuta, tumia mtungi wa chuma usio na kutu, wenye kifuniko cha kubana na mpira mzima ndani yake, au wa plastiki nene uliotengenezwa mahsusi kwa mafuta na kuandikwa hivyo. Kisha uandike kwa rangi, herufi kubwa: PETROLI au DIZELI. Mtungi uliowahi kubeba mafuta usirudi kubeba maji ya kunywa hata siku moja, hata ukioshwa kwa sabuni mara kumi.

Usijaze hadi mdomoni. Lita 20 za petroli zilizotiwa alfajiri Limuru kwenye baridi, zikifika Voi saa nane mchana na mtungi uko juani, huongezeka kwa zaidi ya nusu lita. Zitakwenda wapi? Acha nafasi ya lita moja. Na ukifika, usifungue kwa haraka huku umeinamisha uso juu yake. Uweke kivulini upoe kwanza, kisha legeza kifuniko polepole mpaka uusikie ukipumua. Mafuta yaliyoruka machoni huoshwa kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa robo saa nzima, kope zikiwa wazi, kabla ya kwenda kwa daktari.

Wakati wa kujaza, teremsha mtungi uuweke chini, kwenye ardhi au saruji. Usiujazie juu ya lori wala ndani ya buti. Sababu ni umeme wa msuguano, ule unaousikia ukitatarika unapovua sweta ya nailoni. Mafuta yakipita kwenye mpira huzalisha umeme huo. Mtungi ukiwa chini, umeme hupotelea ardhini; ukiwa juu ya zulia au plastiki hukusanyika mpaka urukie pua ya pampu, na hapo ndipo mvuke ulipo. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilitoa onyo mwaka 1998 baada ya watu kuungua walipokuwa wakijaza mitungi kwenye pikapu zenye sakafu ya plastiki. Mwambie anayekuuzia aguse mdomo wa mtungi kwa pua ya pampu muda wote, ajaze polepole, na injini iwe imezimwa. Akikasirika kwamba unamchelewesha, mwache akasirike.

Mahali pa kuweka

Tuanze na mahali pabaya kuliko pote, napo ni ndani ya chumba cha dereva, nyuma ya kiti, karibu na kitanda. Huko ndiko wengi huweka kwa kuogopa wezi. Mtungi hauhitaji kuvuja ili ukudhuru. Mvuke kidogo tu usiku kucha, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya mbu, huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Dereva huamka akidhani ana malaria au uchovu, hunywa vidonge viwili, akashika usukani. Tena petroli ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu kwa watu wanaoivuta kwa miaka mingi. Anayelala na mtungi miaka 20 amevuta kiasi gani?

Mbele ya bampa hapafai, maana gari likigonga ndipo panapopondwa kwanza. Juu ya paa hapafai. Uzito ukiwa juu gari hupinduka upesi. Ubavuni mwishoni mwa tela hapafai. Karibu na betri au paipu ya moshi ndiyo hivyo tumekwisha kueleza. Wala usiweke kati ya magunia ya unga, sukari au mahindi, kwa kuwa harufu ya mafuta huingia katika chakula na mzigo mzima ukakataliwa, au ukaliwa na watu wasiojua kilichomo.

Mahali panapofaa ni nyuma ya chumba cha dereva, kwa nje, upande usio na paipu ya moshi, ndani ya kizimba cha chuma kilichofungwa kwa bolti kwenye fremu. Mtungi usimame wima, chini yake pawe na kipande cha mpira wa gurudumu kuzuia chuma kisisugue chuma, na ukazwe kwa ukanda wenye kifungo. Kamba ya katani hukatika kwa kusuguliwa. Kila unaposimama kukagua magurudumu, shika mtungi utikise. Ukicheza, kaza.

Uzito pia si mchezo. Lita 20 za dizeli ni kilo 17 hivi. Pipa la lita 200 lina karibu kilo 170 za mafuta, bila kuhesabu chuma chake. Sheria yaruhusu lori kwenda kilomita 80 kwa saa. Ukifunga breki ghafla kwenye mteremko wa Salgaa, lori litasimama lakini pipa lisilofungwa litaendelea na mwendo ule ule wa 80 hadi likutane na kitu, na mara nyingi kitu hicho ni mgongo wa dereva. Pipa la nusu ndilo baya zaidi kwa sababu mafuta huyumba ndani yake kwenye kona. Na kulipandisha garini kwa mikono ya watu wawili ni njia ya hakika ya kuharibu pingili za mgongo. Tumia mbao mbili za kulivingirishia, watu wakae pembeni, pasiwe na mtu chini yake.

Mdomo si pampu

Tumefika kwenye jambo ambalo lisipofuatwa hata mengine yote hayana faida. Gari limesimama, mtungi uko juu, taniboi anachukua kipande cha mpira, anatia upande mmoja mtungini na wa pili kinywani, ananyonya. Mara tisa anauwahi. Mara ya kumi yanamjaa kinywani, anakohoa, anatema, wenzake wanacheka.

Wengi hudhani hatari iko tumboni. Petroli, dizeli na mafuta ya taa yakifika tumboni kwa kiasi kidogo huchoma na kuchafua tumbo, lakini si hayo yanayoua kwa kawaida. Hatari iko mapafuni. Mafuta haya ni mepesi na hutelezea upesi kila mahali. Tone linaloingia kwenye koo la hewa wakati wa kukohoa husambaa kwenye mapafu na kuharibu utando mwembamba unaozuia vifuko vya hewa visinywee. Vifuko hunywea, hujaa maji, na mtu huanza kuzama akiwa nchi kavu. Huu ni uvimbe wa mapafu unaotokana na kemikali, si nimonia ya vijidudu, na huanza hata kabla ya vijidudu kufika.

Dalili ya kwanza ni kikohozi na kupaliwa papo hapo. Baada ya hapo huenda akatulia kwa saa kadhaa, watu wakadhani mambo yamekwisha. Kisha huja pumzi za haraka, kifua kuuma, homa, midomo kugeuka rangi, kulegea. Yaweza kuzidi kwa siku nzima au mbili.

Ufanye nini? Kwanza, usimtapishe. Narudia: usimtapishe. Asitiwe kidole kooni, asipewe maji ya chumvi. Kila anapotapika, mafuta hupita tena karibu na njia ya hewa, na yale yaliyokuwa tumboni bila madhara makubwa huingia mapafuni. Maziwa, ambayo nyumbani kwetu hudhaniwa ni dawa ya kila sumu, hayasaidii hapa. Hujaza tumbo na kuleta kutapika. Mwache asukutue kinywa kwa maji na kuyatema. Mvue nguo zilizolowa mafuta, msafishe uso, mketishe wima. Kama amelegea, mlaze ubavu ili akitapika mwenyewe yasirudi kooni. Kisha nenda naye hospitalini hata kama anasema amepona, hasa kama alikohoa, na mweleze daktari ni mafuta gani na ilikuwa saa ngapi. Akae chini ya uangalizi kwa saa 6 angaa.

Haya haya ndiyo ya kufanya kwa mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda jikoni. Ajali hiyo bado huwafikisha watoto wengi hospitalini mwetu, na mama au yaya huwa ameshamnywesha maziwa na kumtapisha kabla ya kuja. Chupa ya soda si chombo cha mafuta. Mtoto hajui kusoma, anajua umbo la chupa.

Pampu ya kuzungusha kwa mkono, au mpira wenye kibofu cha kubonyeza katikati, hupatikana kwa wauzaji wa vipuri huko Kirinyaga Road na katika miji mingi. Mwenye lori, mnunulie taniboi wako. Usimwachie kipande cha mpira wa kumwagilia maua.

Ngozi nayo ina haki yake. Mafundi hupenda kunawa grisi kwa petroli kwa kuwa hutoa haraka. Hutoa na mafuta ya asili ya ngozi pia, mikono ikakauka, ikapasuka, ikawasha mwaka mzima. Tumia sabuni na maji. Nguo ikilowa petroli, ondoka kwanza kwenye jiko na sigara, jimwagie maji, ndipo uivue. Kuivua kavu kwa haraka kwaweza kutoa cheche zile za sweta.

Moto ukizuka

Kizimamoto cha unga au cha povu kiwe mahali pa kufikika ukiwa umesimama nje. Nimeona malori yenye kizimamoto kizuri kilichofungiwa ndani ya sanduku la vyombo kwa kufuli, ufunguo ukiwa mfukoni mwa mtu aliyeshuka kula. Simama upepo ukiwa mgongoni mwako, elekeza kwenye shina la moto si kwenye ndimi zake, ufagie huku na huku. Kizimamoto cha kilo 9 hakifiki nusu dakika. Kikiisha na moto ungalipo, kimbia. Lori ni chuma. Usimwage maji, mafuta huelea juu yake na moto ukasafiri nayo.

Nguo zikishika moto, mtu asikimbie. Alale chini, afunike uso kwa mikono, abingirike, au afunikwe blanketi la sufu. La nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Moto ukishazimika mwilini, maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Si barafu. Dakika 20 ni nyingi kuliko mtu anavyodhani, kwa hivyo tazama saa. Hata kama saa moja au mbili zimepita, bado yanasaidia. Huku maji yakimwagika, ondoa pete, saa na mshipi kabla mwili haujavimba, lakini nguo iliyoganda kwenye ngozi iache. Usipake dawa ya meno, samli, yai, unga, wala mafuta ya breki kama nilivyowahi kuona. Vyote hivyo huhifadhi joto ndani au huleta vijidudu, na daktari huanza kazi kwa kukwangua. Usipasue malengelenge. Funika kwa kanga safi au karatasi nyembamba ya nailoni ya kufungia chakula, bila kukaza, na sehemu nyingine ya mwili ifunikwe isipate baridi. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni kama sehemu moja katika 100 ya mwili wake. Jeraha linalozidi kiganja hicho, au lililo usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye kiungo, ni la hospitali. Vile vile mtu aliyekuwa kwenye moshi na sauti yake imekauka, hata kama ngozi yake ni nzima, kwani koo laweza kuvimba na kuziba.

Lori likipinduka na mapipa yakamwagika, moto huwa haujaja bado, lakini watu wanakuja. Januari 31, 2009, huko Sachangwan, zaidi ya watu 100 waliteketea walipokuwa wakiteka petroli kutoka lori lililopinduka. Septemba 12, 2011, mtaa wa Sinai hapa Nairobi, mafuta yalivuja kutoka bombani yakaingia mtaroni, na watu walikuwa mtaroni na ndoo. Agosti 10, 2019, ikawa Morogoro nchini Tanzania, tena zaidi ya 100. Katika kila mkasa palipita muda kati ya kumwagika na kuwaka, na muda huo ndio ulioijaza mitungi na watu.

Wewe dereva, au wewe msafiri uliye wa kwanza kufika, tumia muda huo. Zima injini, tenga betri ikiwa unaweza kuifikia bila kukanyaga mafuta, msaidie aliyenaswa ikiwa yuko mahali pakavu. Mtume taniboi mbali nyuma, mita 100 au zaidi, na mwingine mbele, wasimamishe magari. Waambie wanaokuja waondoke na wazime sigara. Wakikataa na kukutisha, usipigane nao. Ondoka wewe na walio nawe, mpande mahali pa juu upepo unakotoka, si bondeni, maana mvuke huteremka. Kisha piga 999 au 112. Usiseme tu "kuna ajali". Sema ni lori la mafuta au lina mapipa ya mafuta, ni petroli au dizeli, lita ngapi, na upande gani wa barabara, ili gari la zimamoto lije na povu na wasije na maji peke yake.